Gari la Kifahari la Zamani: Ununue au Uache? Mwongozo Hatua kwa Hatua

Wengi wanaojutia gari la kifahari la zamani hawakukosea siku ya kulikagua. Walikosea kabla ya hapo. Waliona bei, wakaona viti vya ngozi na mbao za dashibodi, na macho hayana pazia; moyo ukakubali, kisha wakaanza kutafuta sababu za kuutetea. Hesabu ilikuja mwisho, wakiwa gereji, gari limeshalipiwa.

Mwongozo huu unaanza na hesabu. Unahusu magari kama Mercedes-Benz S-Class, BMW 7 Series, Audi A8, Range Rover, Jaguar XJ, Porsche Cayenne na Lexus LS yenye umri wa miaka kumi na kuendelea. Ukikutana na jibu la hapana katika hatua yoyote, ishia hapo. Muda uliokwisha kuutumia usikusukume kuingia hatua inayofuata.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari au jedwali la hesabu kwenye simu.
- Namba ya chasisi ya gari unalolitaka, tarakimu na herufi zote 17.
- Fundi anayeifahamu nembo hiyo kwa kazi zake za kila siku, asiye na uhusiano wowote na muuzaji wala dalali.
- Mashine ya kusoma kompyuta ya gari inayofaa kwa nembo hiyo. Kifaa cha bei nafuu husoma injini tu; unahitaji kinachofungua giaboksi, breki, springi za hewa (zinazolibeba gari kwa hewa badala ya chuma) na mifuko ya hewa ya usalama (airbag).
- Kipima unene wa rangi kinachosoma chuma na alumini. Bodi za Audi A8 na za Jaguar XJ kuanzia 2003 ni alumini, na kipimo cha sumaku hakitakwambia lolote.
- Tochi, futi ya kupimia, glovu, na katoni bapa ya kutandika chini ya injini.
- Jioni moja na asubuhi inayofuata. Nitaeleza sababu.

## Hatua ya 1: Hesabu gharama ya kulitunza kabla hujaliona

Gari likizeeka bei yake hushuka. Bei ya vipuri vyake haishuki. Gari lililouzwa jipya kwa bei ya nyumba leo linaweza kupatikana kwa bei ya gari dogo la kawaida, lakini pampu zake, taa zake na springi zake za hewa bado zinauzwa kwa hadhi ileile ya mwanzo.

Kwa hiyo simu ya kwanza usimpigie muuzaji. Pigia maduka mawili ya vipuri, taja modeli, mwaka na injini, uulize bei ya vitu hivi: springi moja ya hewa (au shokamzoba, kama gari halina hewa), kompresa yake, diski na pedi za breki za magurudumu yote, matairi manne ya saizi yake, pampu ya maji, taa moja kamili ya mbele, na oili ya giaboksi pamoja na filta.

Uliza bei mbili kwa kila kitu: ya kipuri chenye nembo ya gari, na ya kile kinachotoka kwa kiwanda kilichokitengeneza. ZF, Bosch, Sachs, Lemförder na Mahle huviuzia viwanda vya magari vipuri, na mara nyingi kipuri kilekile hupatikana katika boksi lao kwa bei ya chini zaidi. Kama duka halijui kitu chochote kuhusu gari hilo, hiyo nayo ni taarifa: vipuri vitaagizwa kutoka mbali, na gari litasubiri.

Kisha muulize fundi saa za kazi. Kwenye magari haya kazi mara nyingi huizidi bei ya kipuri. Gasketi ndogo ya bei ya chini inaweza kudai injini ishushwe.

Ongeza bima, kodi na mafuta. Injini ya V8 (silinda nane) ya lita nne na ushei haishangazi ikinywa lita 15 au zaidi kwa kilomita 100 za mjini, na nyingi zimeundwa kwa petroli ya oktani 95 kwenda juu.

Kipimo changu ni hiki: baada ya kulipa gari, usajili na bima, ubaki na fedha isiyopungua theluthi moja ya bei ya gari, isiyo na kazi nyingine. Kama gari lina springi za hewa na injini ya turbo mbili, iwe nusu. Nakazia hili kwa sababu mwaka wa kwanza ndio mgumu kuliko yote. Mwenye gari wa awali kwa kawaida huuza anapoambiwa na fundi wake kinachokuja, na kinachokuja kitakukuta wewe.

Onyo: usikope kununua gari la aina hii. Utajikuta unalipa marejesho ya gari lililolala gereji, huku huna fedha ya kulitoa. Na kama ndilo litakuwa usafiri wako pekee wa kwenda kazini, fikiri tena. Kipuri kimoja kinachosubiriwa kinaweza kulilaza kwa majuma.

Umefaulu ukiwa na tarakimu mbili kwenye karatasi, bei ya juu kabisa utakayolipa na akiba ya matengenezo, na zote mbili unazo tayari.

## Hatua ya 2: Chagua injini na mwaka, usichague nembo

Watu husema "nataka Mercedes" au "nataka BMW". Nembo haiharibiki. Kinachoharibika ni injini fulani, giaboksi fulani, mfumo fulani wa miaka fulani, na magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kutofautiana kabisa kwa gharama. Hatua hii huokoa fedha nyingi kuliko zote, nayo hufanyika ukiwa umekaa kitini.

Mifano michache inayojulikana vizuri na mafundi:

Mercedes-Benz zenye injini za M272 (V6) na M273 (V8) za mwanzo. Kwenye V6, gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko huliwa meno mapema. Kwenye V8, ni gia inayoongoza cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake. Tiba yake ni kushusha injini. Matoleo ya baadaye yalirekebishwa, na namba ya injini ndiyo inayoonyesha uko upande gani. Muulize fundi kabla ya kwenda kuliona gari.

S-Class ya 1998 hadi 2005 (msimbo wa kiwanda W220). Husimama juu ya springi za hewa. Baadhi zina mfumo mwingine uitwao ABC, unaotumia oili ya shinikizo kubwa badala ya hewa. Huo hutuliza gari vizuri sana kwenye kona, nao ni ghali kuliko hewa. Jua gari lako lina upi.

E-Class ya W211 kabla ya maboresho ya 2006. Breki zake za SBC hutegemea pampu ya umeme inayohesabu mara inavyofanya kazi. Ikifikia kikomo chake, dashibodi huwasha onyo na pampu inatakiwa kubadilishwa. Zilizotoka baada ya maboresho hazina mfumo huo.

BMW zenye injini ya N63. Turbo mbili zimekaa katikati ya safu za silinda. Joto hulimbikizana pale na kuoka sili za valvu, mabomba na waya, na injini huanza kula oili. Gari lenye injini hii lisilo na kumbukumbu kamili za matengenezo, liache.

Porsche Cayenne V8 ya 2003 hadi 2006. Mabomba ya maji chini ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) yalikuwa ya plastiki na hupasuka. Swali ni moja tu: yameshabadilishwa kuwa ya alumini? Omba risiti.

Range Rover ya 2002 hadi 2012. Zote zina springi za hewa. Iweke gharama hiyo katika hesabu tangu mwanzo.

Lexus LS 430 ya 2000 hadi 2006. Ina V8 ya lita 4.3, na nyingi zina springi za chuma. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila takriban kilomita 150,000, na kazi hiyo haipaswi kuahirishwa. Mtu anayeingia katika magari haya kwa mara ya kwanza, hili ndilo ningemwelekeza alitazame kabla ya yote, hata kama halimpi fahari anayoiota.

Nje ya orodha hiyo, fuata kanuni tatu. Chukua miaka ya mwisho ya kila toleo, kwa kuwa kiwanda huwa kimeshasahihisha kasoro za mwanzo. Chukua lenye mifumo michache: springi za chuma kuliko hewa, injini isiyo na turbo kuliko yenye turbo mbili. Na ukae mbali na V12, yaani injini ya silinda kumi na mbili. Injini ya Mercedes ya M275, kwa mfano, ina plagi 24, na koili zake za kuwashia plagi huja kama kipande kimoja kwa kila upande; silinda moja ikikosa moto unaweza kulazimika kununua kipande kizima.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: modeli hii, injini hii, miaka hii, na kasoro zake tatu kubwa ni hizi.

## Hatua ya 3: Soma karatasi kwanza

Mwombe muuzaji picha za kadi ya gari na kumbukumbu za huduma kabla ya kusafiri kwenda kuliona. Anayesema "njoo tu utaona" ana sababu yake.

Linganisha namba ya chasisi kwenye kadi, chini ya kioo cha mbele na kwenye fremu ya mlango. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, ondoka. Hakikisha gari halidaiwi na benki au mtu yeyote.

Kwenye kumbukumbu za huduma, angalia mtiririko wa kilomita mwaka hadi mwaka. Ukiona pengo la miaka miwili au mitatu, hapo ndipo matengenezo yaliporukwa. Tafuta hasa oili ya giaboksi. Baadhi ya viwanda vya magari vilidai oili hiyo hudumu maisha yote ya gari, lakini ZF, mtengenezaji wa giaboksi za gia sita zilizofungwa kwenye BMW, Jaguar, Audi na Range Rover nyingi, inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Gari lililofika kilomita 200,000 bila kuguswa linakuachia wewe hatari yote.

Gari lenye kilomita nyingi na faili nene la risiti ni bora kuliko lenye kilomita chache lisilo na karatasi. Sitabadili msimamo huu.

## Hatua ya 4: Lipime jioni, liwashe asubuhi

Nenda jioni. Gari likiwa mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika vipimo vinne. Mwombe muuzaji asiliwashe hadi utakaporudi.

Asubuhi pima tena. Kona moja ikiwa imeshuka peke yake, springi yake inavuja. Sababu ya kujali ni kwamba springi inayovuja huilazimisha kompresa kufanya kazi bila kupumzika hadi iungue, na hapo unanunua viwili badala ya kimoja.

Gusa boneti kabla ya chochote. Ikiwa ya moto, ahirisha. Muuzaji aliyepasha injini kabla hujafika ameufuta ushahidi uliokuja kuutafuta.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili na cha maji. Ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, au matone ya mafuta juu ya maji, huashiria kuwa vitu hivi viwili vinachanganyika. Onyo: usifungue kifuniko cha maji injini ikiwa ya moto, yatakuunguza.

Washa, nawe simama mbele, siyo ndani. Sekunde kumi za kwanza ndizo zenye habari. Mlio wa cheni inayogonga unaopotea baada ya muda mfupi ni dalili ya kikaza cheni kilichochoka au oili iliyochelewa kubadilishwa. Sikiliza pia kompresa. Inapaswa kunyanyua gari na kunyamaza baada ya muda mfupi.

Acha injini ingurume robo saa gari likiwa limesimama, kisha mtu akanyage mafuta huku ukitazama ekzosi. Wingu la bluu ni oili inayopita kwenye sili za valvu. Moshi mweupe wenye harufu tamu, usiokoma hata injini ikipata moto, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea hauna neno.

## Hatua ya 5: Tafuta maji, kisha bonyeza kila kitufe

Hapa ndipo wakaguzi wengi hulegea, na hapa ndipo magari haya hufia. Kompyuta ndogo zinazoendesha milango, viti na taa zimefichwa chini ya zulia, chini ya viti na kwenye buti. Mifereji midogo ya kioo cha paa ikiziba majani na vumbi, maji hutafuta njia hadi kwenye kompyuta hizo. Kasoro zinazofuata hazina mpangilio: leo dirisha, kesho betri inakufa usiku, keshokutwa gari haliwaki kabisa.

Bonyeza zulia kwa kiganja katika nafasi zote nne za miguu. Nyanyua sakafu ya buti, mulika tochi pembeni. Unyevu, kutu kwenye vichwa vya skrubu, au harufu ya ukungu vinatosha kukurudisha nyumbani, hata kama kila kitu kinafanya kazi siku hiyo.

Kisha kaa kwenye kila kiti, ubonyeze kila kitufe. Kila kimoja. Kama redio, simu na ramani zimekufa kwa pamoja kwenye BMW 7 Series ya kuanzia 2001 au Audi A8 ya kuanzia 2002, kumbuka kuwa vifaa hivyo huunganishwa kwa nyuzi za mwanga katika mzunguko mmoja. Kimoja kikifa, mzunguko mzima hukatika. "Ni fyuzi tu" ni maneno ya kuandikwa kwenye risiti baada ya muuzaji kuitengeneza, siyo ya kuaminiwa.

## Hatua ya 6: Endesha nusu saa

Giaboksi ibadilishe gia bila kishindo, ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Kishindo cha kuingia gia ya kwanza unaposimama, au injini kupandisha mlio bila gari kuongeza mwendo, ni gharama kubwa. Jaribu rivasi mara kadhaa.

Kwenye barabara iliyonyooka shika usukani kidogo tu. Gari lisivute upande. Funga breki kwa nguvu mahali salama, usukani usitetemeke. Pita taratibu kwenye matuta ukisikiliza busha na mikono ya springi za mbele.

Ukirudi, tandika katoni chini ya injini kwa dakika ishirini. Matone yatakuonyesha rangi na mahali pa kuanzia kutafuta.

## Hatua ya 7: Fundi, lifti na kompyuta

Lipia ukaguzi huu mwenyewe, kwenye gereji uliyoichagua. Muuzaji akikataa gari lisiende huko, safari imeishia hapo.

Fundi asome kompyuta zote, na aangalie kama vipimo vya kujichunguza vya mfumo wa injini vimekamilika. Kasoro zikifutwa muda mfupi kabla ya ukaguzi, vipimo hivyo huonekana bado havijakamilika. Dashibodi isiyo na taa ya onyo haithibitishi chochote kama kumbukumbu ilifutwa asubuhi hiyo. Asome pia kilomita zilizohifadhiwa nje ya dashibodi, maana kwenye nembo nyingi za kifahari kompyuta zaidi ya moja huweka kumbukumbu hiyo, na anayerudisha odometa nyuma husahau mojawapo.

Kwenye lifti, mtazame uvujaji wa oili, busha zilizopasuka, kutu, na dalili za kuchomelewa. Pima unene wa rangi kila paneli. Ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 180. Ikiruka hadi mia kadhaa, chini yake kuna kipande kilichozibwa.

Soma matairi pia. Tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT, ulioandikwa ubavuni mwa tairi, ni juma na mwaka: 2319 ni juma la 23 la 2019. Matairi manne ya nembo nne tofauti na za hali ya chini hueleza namna gari lote lilivyotunzwa.

Umefaulu ukipata orodha ya maandishi yenye makundi matatu: ya kutengeneza sasa, ya ndani ya mwaka, na ya kusubiri.

## Hatua ya 8: Amua

Weka bei kwa makundi mawili ya kwanza, ujumlishe na bei ya gari. Linganisha na tarakimu mbili za hatua ya 1.

Jumla ikiwa ndani ya bei yako ya juu, na akiba haijaguswa, nunua. Ikizidi kidogo, mpe muuzaji orodha ya fundi na ujadiliane juu ya orodha hiyo, siyo juu ya hisia. Akishuka hadi kwenye tarakimu yako, sawa. Asiposhuka, muage kwa heshima.

Kuna mambo matano ambayo punguzo halitibu: maji ndani ya gari, namba za chasisi zisizofanana, odometa iliyochezewa, oili na maji kuchanganyika, na giaboksi inayoteleza. Muuzaji akikupunguzia nusu ya bei kwa mojawapo ya hayo, bado jibu ni hapana.

Na kama unajikuta unaisahihisha hesabu ili itoe jibu unalolitaka, lala kwanza. Magari haya yapo mengi.

## Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza

Usianze na rimu wala redio. Badilisha oili ya injini na filta zote, oili ya giaboksi kwa utaratibu wa mtengenezaji, maji ya rejeta kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na kwa kawaida hubadilishwa kila miaka miwili. Zibua mifereji ya kioo cha paa. Pima betri, kwa kuwa betri dhaifu kwenye magari haya huzua kasoro za uongo kwenye kompyuta na kukupeleka kwa fundi bure.

Kama gari lina mkanda wa taimingi na huna risiti yake, ubadilishwe pamoja na pampu ya maji kabla hujaenda nalo safari ndefu. Ukikatika kwenye injini ambayo pistoni na valvu hugongana, injini nzima huharibika.

Fungua faili, weka kila risiti na kilomita zake. Akiba uliyoitumia mwezi huu irudishe taratibu hadi ifike pale ilipokuwa, na orodha ya fundi ibandike mahali unapoiona. Kundi la pili lina mwaka mmoja.